Ajali na Kinga Yake: Sayansi ya Usalama Katika Mashindano ya Magari

Tarehe 21 Aprili 2024, katika mji wa Diyatalawa ulioko kwenye milima ya Sri Lanka, maelfu ya watu, wazee kwa watoto, walikusanyika katika uwanja wa Fox Hill kutazama mashindano ya magari. Gari moja lilikuwa limekwisha kupinduka kando ya njia, na wasimamizi walikuwa wakipunga ishara za njano ili kuwaonya madereva waliofuata nyuma. Mara gari jingine likaacha njia, likaingia katikati ya watu. Watu 7 walikufa, miongoni mwao msichana wa miaka 8, na wengine zaidi ya 20 waliumia. Baadhi ya waliokufa walikuwa ni wasimamizi wa mashindano wenyewe.

Habari kama hii isomwapo, neno la kwanza litokalo vinywani mwa watu ni lile la wahenga: ajali haina kinga. Methali hiyo ina hekima yake, kwani humkumbusha mwanadamu kwamba hakuna ajuaye la kesho. Lakini ikitumiwa kufungia mazungumzo, hugeuka kuwa kisingizio. Ni kweli kwamba hakuna mwanasayansi awezaye kutabiri ni gari lipi litaacha njia, wala ni saa ngapi. Awezalo kulisema, tena kwa hesabu za shule ya sekondari, ni upande ambao gari hilo litaelekea, umbali litakaofika, na nguvu litakazokuwa nazo likifika huko. Ajali yenyewe huenda isiwe na kinga; madhara yake yana kinga, na kinga hiyo yaweza kupimwa kwa futi kamba.

MASHINDANO YA RIDHAA

Mashindano ya magari yajulikanayo zaidi ni yale makubwa, ambamo madereva hulipwa, viwanja hujengwa kwa fedha nyingi, na helikopta husubiri kuwachukua majeruhi. Lakini yako mashindano mengine mengi duniani yaliyo ya ridhaa. Dereva ni fundi, mfanyabiashara au mtumishi wa ofisi. Gari ni la kawaida, lililong'olewa viti na kuongezewa vyuma. Uwanja ni njia ya udongo iliyochongwa kwa greda, nayo huzunguka shamba au kiwanja cha maonyesho. Nchini Kenya mashindano ya namna hii, yaitwayo autokrosi, yamefanyika kwa miaka mingi katika kiwanja cha Jamhuri mjini Nairobi. Tena wakazi wa Afrika Mashariki wana mazoea ya siku nyingi ya kusimama kandokando ya barabara kutazama mbio za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953. Mara nyingi wanafunzi ndio wafikao kwanza, na ndio wasimamao mbele.

Katika mashindano ya ridhaa magari aghalabu huenda polepole kuliko yale ya mabingwa wa kulipwa. Jambo hili huwafanya wengi wadhani kwamba hatari nayo ni ndogo. Dhana hiyo ni potofu. Kinachopungua katika uwanja wa nyumbani si mwendo tu. Hupungua pia uzio, waganga, vifaa vya kuzimia moto, na zaidi ya yote, nafasi baina ya gari na mtu. Ili kulielewa jambo hili yafaa kuanza na nishati.

NISHATI ISIYOPOTEA

Kila kitu kiendacho kina nishati mwendo. Kiasi chake ni nusu ya tungamo la kitu hicho, mara mwendo wake, mara mwendo wake tena. Gari lenye tungamo la kilo 1,000 liendalo kilometa 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde, lina nishati mwendo ya jouli 139,000 hivi. Hiyo ni nishati ile ile ambayo gari hilo lingekuwa nayo kama lingeanguka kutoka juu ya jengo lenye kimo cha mita 14, yaani ghorofa nne au tano.

Mwendo huo ukiongezwa mara mbili, ukawa kilometa 120 kwa saa, nishati haiongezeki mara mbili bali mara nne. Hufika jouli 556,000, sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 57. Hapa ndipo macho ya binadamu yanapodanganyika. Mtazamaji aonaye gari likipita kwa mwendo wa 120 badala ya 60 hudhani kwamba hatari imeongezeka maradufu, kumbe imeongezeka mara nne.

Nishati haipotei, hubadilika tu umbo. Gari likisimama, nishati yake yote lazima iende mahali. Dereva akikanyaga breki, hugeuka kuwa joto katika breki na katika matairi. Gari likigonga ukuta, hutumika kukunja vyuma. Likiwagonga watu, hutumika kuvunja mifupa. Kazi yote ya usalama katika mashindano ya magari, tangu mkanda wa dereva hadi kamba ya kuwazuia watazamaji, ni kuitafutia nishati hiyo mahali pa kwenda pasipo na mwili wa mtu.

Aina ya ardhi nayo ina sehemu yake. Juu ya lami kavu, namba ionyeshayo ukali wa msuguano kati ya tairi na barabara ni 0.8 hivi. Juu ya udongo wenye kokoto zilizolegea yaweza kushuka hadi 0.4. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, gari lililofungwa breki husimama baada ya mita 18 juu ya lami, na mita 35 juu ya kokoto. Kwa mwendo wa kilometa 120 umbali huo huwa mita 71 na mita 142. Viwanja vingi vya ridhaa ni vya udongo. Kwa hiyo, ijapokuwa magari yake ni ya polepole, huhitaji nafasi kubwa ya kusimamia, si ndogo.

MWILI WA BINADAMU NA KUSIMAMA KWA GHAFLA

Si mwendo unaoua. Abiria wa ndege huenda kilometa 900 kwa saa huku akinywa chai. Kinachoua ni kusimama katika nafasi ndogo mno. Upungufu wa mwendo kwa kila sekunde, ambao wanafizikia huuita mchapuko hasi, hupatikana kwa kugawanya mwendo mara mwendo kwa umbali wa kusimamia uliozidishwa mara mbili. Umbali ukiwa mdogo, mchapuko huwa mkubwa, na kani imkabiliyo mtu huwa kubwa vivyo hivyo. Ni desturi kuulinganisha mchapuko huo na ule wa mvutano wa dunia, ambao ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, na ambao alama yake ni g.

Tarehe 10 Desemba 1954, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, daktari wa jeshi la anga aitwaye John Paul Stapp alijifunga mikanda juu ya kiti kilichosukumwa na roketi kwenye reli. Kilifika mwendo wa kilometa 1,017 kwa saa, kisha kikasimamishwa kwa muda wa sekunde 1.4. Katika kilele chake mchapuko ulifika g 46.2. Stapp aliumia macho, lakini aliishi. Majaribio yake yalithibitisha kwamba mwili uliofungwa vizuri huweza kustahimili mengi kuliko ilivyodhaniwa, mradi kani itawanywe juu ya sehemu zenye mifupa imara, yaani mabega, kifua na nyonga.

Mfano wa kushangaza zaidi ulitokea mwaka 1977 katika uwanja wa Silverstone, Uingereza. Gari la David Purley lilikwama mafuta likaugonga ukingo wa uwanja. Ilikadiriwa kwamba mwendo wake ulishuka kutoka kilometa 173 kwa saa hadi sifuri katika umbali wa sentimita 66. Mwanafunzi aweza kukokotoa mwenyewe: mita 48 kwa sekunde, mara 48, gawanya kwa 1.32. Jawabu ni karibu na mita 1,750 kwa sekunde kwa sekunde, yaani g 178 hivi. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni kani sawa na uzito wa tani 12 na nusu. Purley alivunjika mifupa mingi, lakini hakufa. Ilimfaa mikanda iliyomshika katika kiti na kuigawa kani hiyo mwilini. Ilimfaa pia mbele ya gari iliyokunjika. Sentimita hizo 66 ndizo zilizokuwa uhai wake.

KINGA YA DEREVA

Tangu hapo kinga ya dereva imepiga hatua kubwa, na sehemu nyingine ya kinga hiyo si ya gharama kubwa. Kizimba cha mabomba ya chuma huzuia paa lisimponde dereva gari likipinduka. Mikanda ya mabegani na nyongani humfanya asimame pamoja na gari, badala ya kusimamishwa na usukani. Kofia ngumu hulinda fuvu kwa njia ile ile: tabaka lake la ndani hukunjika polepole na kukipa kichwa milimita chache za kusimamia.

Palibaki shingo. Kichwa pamoja na kofia yake huwa na tungamo la kilo 6 hivi. Katika mgongano wa g 50, mwili ukiwa umeshikwa na mikanda na kichwa kikiwa huru, shingo huvutwa kwa kani sawa na uzito wa kilo 300, yaani magunia matatu ya mahindi ya kilo mia mia. Fuvu huvunjika kwenye kitako chake, pale linapokutana na uti wa mgongo. Robert Hubbard, mtaalamu wa fizikia ya mwili katika Chuo Kikuu cha Michigan State, alishirikiana na shemeji yake Jim Downing, aliyekuwa dereva wa mashindano, kubuni kifaa kiitwacho HANS katika miaka ya mwanzo ya 1980. Ni kola ngumu ikaayo mabegani chini ya mikanda, na hushika kofia kwa kamba mbili fupi. Madereva wengi walikikataa kwa miaka mingi wakisema kinawasumbua. Tarehe 18 Februari 2001 bingwa wa Marekani Dale Earnhardt alikufa katika uwanja wa Daytona kwa kuvunjika kitako cha fuvu. Kabla ya mwaka huo kwisha, wakuu wa mashindano yake waliamuru kila dereva avae kifaa cha kushika kichwa. Elimu ilikuwapo kwa takriban miaka 20. Kilichokosekana ni utayari wa kuipokea.

UKINGO WA NJIA

Nje ya gari, kinga ifuatayo ni ukingo. Katika viwanja vya ridhaa ukingo wa kawaida ni matairi makuukuu, na kwa kweli hicho ni kifaa kizuri kikitumiwa ipasavyo. Gari ligongalo ukuta wa zege kwa mwendo wa kilometa 72 kwa saa, mbele yake ikakunjika nusu mita, hupata mchapuko wa g 41. Yakiwekwa matairi mbele ya ukuta huo yawezayo kubonyea mita moja zaidi, mchapuko hushuka hadi g 14 hivi. Matairi yaliyotupwa na mwenye gereji yameondoa theluthi mbili za kani.

Lakini matairi yaliyopangwa tu bila kufungwa si ukingo. Gari huyatawanya, na tairi lirukalo ni kombora. Yapasa yaunganishwe kwa bolti, safu juu ya safu, na mbele yake uwekwe ukanda mpana wa mpira ili gari liteleze badala ya kunasa na kupinduka. Marobota ya majani makavu, ambayo bado hutumika mahali pengi kwa kuwa ni rahisi kupatikana, yana kasoro kubwa kuliko zote: huwaka. Mwaka 1967, katika mji wa Monaco, gari la Mwitaliano Lorenzo Bandini lilipinduka na kuungua katikati ya marobota ya namna hiyo. Naye alifariki siku tatu baadaye.

MOTO

Watu wengi huuogopa mgongano kuliko moto, ingawa hesabu zaonyesha vinginevyo. Lita moja ya petroli ina nishati ya jouli milioni 32 hivi. Hiyo ni zaidi ya mara 50 ya nishati mwendo ya gari letu la kilo 1,000 liendapo kilometa 120 kwa saa. Gari lililobeba lita 20 ni tanuri lisilowashwa bado. Ndiyo sababu tangi la mashindano hutengenezwa kwa mpira mgumu ndani ya sanduku la chuma, na kujazwa sifongo izuiayo mafuta yasimwagike kwa wingi.

Tarehe 29 Julai 1973, katika uwanja wa Zandvoort nchini Uholanzi, gari la kijana Mwingereza Roger Williamson lilipinduka na kuwaka moto. Mwenyewe alikuwa hai chini yake. Dereva mwenzake alisimamisha gari lake, akavuka njia mbio, akajaribu kuliinua gari lile kwa mikono yake mitupu, kisha akachukua mtungi wa kuzimia moto nao haukutosha. Wasimamizi waliokuwa karibu hawakuwa na mavazi ya kukinga moto, hawakuweza kusogea. Mashindano hayakusimamishwa. Magari mengine yaliendelea kupita, na gari la zimamoto likachelewa kufika. Williamson alifia pale pale, mbele ya umati. Dereva aliyejaribu kumwokoa alikuwa David Purley, yule yule ambaye miaka minne baadaye angegonga ukingo wa Silverstone. Serikali ya Uingereza ilimtunukia nishani ya ushujaa.

Ushujaa wa mtu mmoja haukufidia upungufu wa mipango. Mitungi miwili mitatu zaidi, mavazi ya kufaa kwa watu wanne, na bendera nyekundu iliyopandishwa mapema vingeweza kufanya kile ambacho mikono ya Purley haikuweza. Vitu hivyo havihitaji utajiri wa nchi kubwa. Huhitaji tu kuwekwa pale kabla ya gari la kwanza kuanza.

MTAZAMAJI ASIYE NA KINGA

Tarehe 14 Agosti 2010, katika jangwa la Mojave huko California, lori dogo la mashindano liliruka kilima cha mawe, dereva akashindwa kulimudu, likawaangukia watazamaji waliokuwa wamesimama hatua chache tu kutoka njiani. Hapakuwa na uzio wowote. Watu 8 walikufa. Dereva, akiwa ndani ya kizimba chake na mikanda yake, alitoka mzima.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Dereva ana chuma, mikanda, kofia na mavazi ya kukinga moto. Mtazamaji ana shati. Kinga yake moja tu ni umbali, naye aghalabu huitoa bure ili aone vizuri.

Chukua gari liendalo kilometa 90 kwa saa, yaani mita 25 kwa sekunde, likaacha njia kwa pembe ya digrii 30. Mtu aliyesimama mita 3 kutoka ukingoni atafikiwa baada ya gari kusafiri mita 6, yaani kwa muda wa sekunde 0.24. Jicho na ubongo wa binadamu huhitaji takriban sehemu moja ya tano hadi moja ya nne ya sekunde ili kutambua tu jambo la ghafla na kuanza kusogeza kidole. Kwa hiyo mtu huyo hatakimbia, wala hataruka. Wale wasemao kwamba wao ni wepesi na watakwepa hawashindani na dereva; wanashindana na neva zao wenyewe, na hawawezi kushinda.

Sasa mtu yule yule arudishwe nyuma hadi mita 30. Gari litalazimika kusafiri mita 60 ili limfikie. Likiwa limefungwa breki juu ya ardhi yenye msuguano wa 0.5, litachukua karibu sekunde 4, na litafika kwa mwendo wa kilometa 22 kwa saa tu. Mita 4 zaidi, nalo lingekuwa limesimama kabisa. Mita 27 za ardhi tupu zimefanya kazi ambayo ukuta wa fedha nyingi ungefanya.

Hesabu hiyo ina masharti yake. Gari lililoruka hewani halina breki, kwa kuwa magurudumu hayagusi kitu; kwa hiyo mbele ya kilima au tuta hapafai kusimama hata kwa umbali huo. Vipande vya gari navyo haviheshimu mipaka. Katika uwanja wa Le Mans nchini Ufaransa, tarehe 11 Juni 1955, gari la Pierre Levegh lilipaa likapasukia juu ya tuta la udongo lililowatenga watazamaji. Injini na ekseli ya mbele vilipita katikati ya umati, na watu zaidi ya 80 walikufa. Nchi ya Uswisi ilipiga marufuku mashindano ya kuzunguka uwanjani kwa miongo mingi baada ya siku hiyo. Miaka miwili baadaye, nchini Italia, tairi la gari lililokuwa katika mbio za Mille Miglia lilipasuka karibu na Guidizzolo. Watazamaji 9 waliuawa, 5 kati yao watoto. Mbio hizo za barabarani zilikomeshwa.

Mahali pa kusimama ni jambo la sayansi vilevile. Gari lizungukapo kona hushikwa na msuguano wa matairi. Kona yenye nusukipenyo cha mita 30 juu ya lami kavu huweza kupitwa kwa mwendo wa kilometa 55 kwa saa. Juu ya kokoto, kilometa 39 tu. Mwendo ukizidi, msuguano hushindwa, na gari huenda moja kwa moja kufuata tanjenti ya duara, yaani upande wa nje wa kona. Huko nje ndiko watu wapendako kusimama, kwa kuwa huyaona magari yakija usoni. Upande wa ndani nao si salama: dereva aliyeteleza akigeuza usukani kupita kiasi, na matairi yakashika tena ghafla, gari hurushwa ndani. Mahali bora ni penye mwinuko wa asili, mbali na njia, nyuma ya ukingo, mahali ambapo gari lingelazimika kupanda ili kumfikia mtu. Mwinuko huo humpa mtazamaji vitu viwili kwa pamoja: usalama, na kuona vizuri zaidi.

YANAYOPASA KATIKA UWANJA WA NYUMBANI

Kutokana na maelezo hayo, uwanja wa ridhaa wapaswa kutimiza angalau mambo haya kabla ya mashindano kuanza:

(a) Eneo la watazamaji lichaguliwe kwanza, ndipo njia ya magari ichorwe. Si kinyume chake. Kamba ya plastiki si ukingo. Humwonyesha mtu mpaka, lakini haizuii gari.

(b) Kila msimamizi aliye njiani awe na bendera, njia ya kuwasiliana na mkuu wa mashindano, mtungi wa kuzimia moto, na mahali pa kujikinga. Bendera ya njano humwamuru dereva apunguze mwendo wala asimpite mwenzake. Nyekundu husimamisha mashindano. Dereva asiyetii njano aondolewe, hata akiwa ndiye apendwaye na umati.

(c) Magari yakaguliwe na mtu asiyeshiriki katika mashindano: mikanda, kizimba, tangi, breki, na chemchemi irudishayo kanyagio la mafuta.

(d) Gari la wagonjwa liwepo pamoja na mganga. Likiondoka na majeruhi, mashindano yasimame mpaka lirudi au lije jingine.

(e) Watu wakivuka mpaka, mashindano yasimamishwe mpaka warudi. Hii ndiyo sheria ngumu kuliko zote, kwani umati huzomea na ratiba huchelewa. Lakini mwenye uwezo wa kusimamisha magari asipoutumia, hana haki ya kusema baadaye kwamba ajali haina kinga.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwanafunzi aliyejifunza kanuni za Newton darasani, kisha akaenda kusimama kwenye tanjenti ya kona siku ya Jumapili, amejibu mtihani bila kulielewa somo.

JARIBIO LA DARASANI

Mwanafunzi mmoja ashike rula ya sentimita 30 kwa ncha ya juu, ining'inie wima. Mwenzake aweke kidole gumba na cha shahada kwenye alama ya sifuri, bila kuigusa rula. Wa kwanza aiachie bila kutoa onyo, na wa pili aidake upesi awezavyo. Alama iliyodakwa huonyesha umbali rula ilioanguka. Umbali huo kwa mita uzidishwe kwa 2, ugawanywe kwa 9.8, na jawabu litafutiwe kipeuo cha pili; huo ndio muda wa kutambua na kutenda, kwa sekunde. Darasa zima lifanye jaribio mara tano tano na kutafuta wastani.

Katika sekunde 0.24 rula huanguka sentimita 28. Ndio muda ule ule ambao gari la mfano wetu hutumia kumfikia mtu aliyesimama mita 3 kutoka njiani. Wanafunzi wengi wataona kwamba katika muda huo wameweza kufunga vidole viwili. Kisha waulizwe: ni nani kati yao angekuwa ameinua mguu?